Mpeni Nok Mwiko

Hadithi hii ina chakula ndani yake. Mwenye njaa akale kwanza. Sisi tutamsubiri.

Umeshakula? Haya, kaa vizuri.

Palikuwa na msichana mmoja, jina lake Kidawa. Alikuwa darasa la kwanza. Alikaa Tanga, mtaa wa Ngamiani, katika nyumba yenye mlango wa kijani.

Alikaa na Bibi yake. Mama yake alifanya kazi Korogwe, na alikuja nyumbani kila Jumamosi.

Palikuwa na paka pia. Paka hakuwa na kazi.

Bibi alipika kila siku. Asubuhi alipika. Mchana alipika. Jioni alipika. Akimaliza kupika, alikaa akafikiri kesho apike nini.

Na kila siku, akiosha masufuria, Bibi alisema hivi:

"Katika nyumba hii hakuna mtoto aliyelala na njaa."

Ilikuwa kweli. Hata paka hakuwahi kulala na njaa. Alilala ameshiba, miguu juu.

Siku moja, Kidawa alikuwa ndiyo kwanza ametoka shule. Hajavua hata viatu. Mara akasikia mlango.

Ko, ko, ko.

"Hodi!"

"Karibu!" akaitikia Bibi.

Alikuwa Baba Nok, jirani yao. Baba Nok alitoka Thailand, nchi ya mbali sana. Kazi yake ilikuwa kununua vito, vile vijiwe vinavyong'aa. Siku hiyo alikuwa anakwenda machimboni kuvinunua.

"Shikamoo, mama," akasema Baba Nok.

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba Nok alale hapa leo. Mimi nitarudi kesho."

"Na hilo nalo la kuomba?" akasema Bibi. "Mwanao ni mwanangu. Yuko wapi?"

Nok alikuwa nyuma ya baba yake. Lilionekana begi lake jekundu. Kisha zikaonekana nywele. Kisha likaonekana jicho moja.

"Nok!" akaita Kidawa.

Kidawa alimjua Nok. Shuleni walikaa dawati moja. Wakati wa mapumziko waliruka kamba pamoja. Nok aliruka vizuri kuliko wote, na hakujisifu. Kidawa alijisifu kwa niaba yake.

Ila Nok hakuwa amekaa Tanga siku nyingi. Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Na hicho kidogo chote kilikuwa cha adabu.

Alijua "shikamoo". Alijua "samahani". Alijua "asante". Na alijua "nimeshiba".

Baba Nok akaaga, akaondoka. Bibi akakaza kanga yake kiunoni. Mgeni amekuja. Kazi imeanza.

Mchana ule Bibi alipika wali wa nazi. Alipika mchuzi. Alikaanga samaki, chwaa, chwaa, mpaka mikia ikawa mikavu kama biskuti.

Akatandika mkeka. Akaweka sinia katikati.

"Karibu, mgeni wetu. Kula."

Nok akatazama sinia. Akaunganisha viganja vyake kifuani. Akainamisha kichwa.

"Asante," akasema. "Nimeshiba."

Alikuwa hajala kitu.

Bibi akamtazama Kidawa. Kidawa akamtazama Bibi. Paka akamtazama samaki.

"Labda hapendi wali," akasema Bibi. "Wapo watu wa namna hiyo. Tuwaombee."

Akarudi jikoni.

Alasiri Bibi alikaanga mihogo. Chwaa, chwaa! Akainyunyizia chumvi. Akaikamulia ndimu. Ilikuwa mikavu nje na laini ndani, na ilikuwa ya moto.

"Karibu, mgeni wetu. Kula."

Nok akaunganisha viganja. Akainamisha kichwa.

"Asante. Nimeshiba."

Bibi akaleta mkate wa kumimina. Huo mkate ulijulikana mtaa mzima. Majirani walikuja kuazima chumvi ili tu wapewe kipande. Kuna jirani aliyekuja kuazima chumvi ameshika pakiti ya chumvi mkononi.

"Karibu, mgeni wetu. Kula."

"Asante," akasema Nok. "Nimeshiba."

Bibi akaenda kukaa barazani. Hakuwa mtu wa kukaa barazani saa za kupika.

"Mjukuu wangu," akamwambia Kidawa, "hebu uonje mkate huu. Labda mikono yangu imeharibika."

Kidawa akaonja kipande. Akaonja kingine, kuhakikisha. Akaonja na kingine, kwa sababu kilikuwapo.

"Haijaharibika, Bibi."

"Basi mtoto ana nini?"

Kidawa akaenda kumuuliza Nok mwenyewe.

Nok alikuwa amekaa uani, karibu na banda la kuku. Begi lake jekundu lilikuwa mapajani.

"Nok, una njaa?"

Nok akatazama huku. Akatazama kule. Kisha akaitikia kwa kichwa. Alikuwa na njaa.

"Sasa mbona huli?"

Nok akaweka mkono kwenye koo lake.

"Hapa," akasema. "Imefunga."

"Unamkumbuka mama?"

"Mama," akasema Nok, kwa sauti ndogo sana.

Mama yake Nok alikuwa bado Thailand. Alikuwa na mtoto mchanga, na mtoto mchanga bado hajaweza safari. Na sasa baba naye hayupo. Nok alikuwa peke yake katika nyumba ya watu, na alitaka kulia, na alikuwa na adabu mno.

Kidawa alilijua jambo hilo. Kila Jumapili jioni, Mama akirudi Korogwe, koo la Kidawa hufunga vile vile. Hata chapati haipiti. Na chapati hupita karibu popote.

Kwa hiyo Kidawa akakaa karibu na Nok, bega kwa bega. Wakatazama kuku.

Baadaye kidogo, Nok akafungua begi. Akatoa nguo za kulalia. Akatoa mswaki. Kisha akatoa pakiti.

Kwacha, kwacha, ikalia pakiti.

Ndani yake mlikuwa na tambi. Zilikuwa nyeupe, ngumu, na pana kama kamba za viatu. Zilikuwa tambi za mchele.

Nok akaikumbatia ile pakiti.

"Padi thai," akasema. "Mama anapika. Ijumaa. Kila Ijumaa."

"Ndiyo chakula unachokipenda?"

"Sana," akasema Nok. Hilo neno kumbe alilijua pia.

Kidawa akaruka. Akakimbia, pa-pa-pa-pa, mpaka barazani.

"Bibi! Bibi! Nok anapenda tambi!"

Bibi akasimama.

"Tambi? Kumbe ni tambi tu? Si angesema! Tambi mimi nazijua kabla mama yako hajazaliwa."

Na ni kweli. Bibi alizijua tambi. Tambi za Bibi zilipikwa kwa tui la nazi, sukari na iliki. Alizipika mwezi wa Ramadhani. Alizipika sikukuu. Ukizila, unafumba macho mwenyewe bila kuambiwa.

Bibi akaichukua pakiti. Akavunja tambi. Ka! Ka! Ka!

Alivunja nusu tu. Nusu nyingine akaiweka kabatini.

"Akiba haiozi," akasema.

Nok alisimama mlangoni mwa jikoni. Alipoona sukari inaingia, akafungua mdomo. Alipoona tui la nazi linaingia, akaufunga. Alipoona zabibu kavu, akatazama dari.

"Karibu, mgeni wetu," akasema Bibi. "Tambi zako hizi. Kula."

Nok akachukua uzi mmoja wa tambi. Akautia mdomoni. Akautafuna. Akautafuna sana. Akautafuna tena.

Ulikuwa mtamu. Lakini haukuwa wa Ijumaa. Haukuwa wa mama.

Nok akaunganisha viganja.

"Asante," akasema. "Nime..."

Hakumaliza. Chozi moja likadondoka ndani ya sahani.

Ti.

Paka akaja, akaonja. Akaonja zote.

Nje, jua lilianza kushuka. Kuku wakaingia bandani, mmoja mmoja, wakisukumana. Usiku ulikuwa unakuja, na Nok alikuwa hajala.

Bibi akaosha sufuria. Akasema maneno yake, ila safari hii aliyasema polepole, kama mtu anayeuliza.

"Katika nyumba hii... hakuna mtoto aliyelala na njaa?"



Kidawa alisimama jikoni, akafikiri. Alikuwa na neno la kusema. Lakini mtoto hamwambii bibi yake kwamba amekosea kupika. Nyumba yenye mtoto wa namna hiyo haipo Tanga nzima. Kwa hiyo Kidawa alizunguka mbali kidogo.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba. Ulishanisalimia asubuhi."

"Najua." Kidawa akachezea ncha ya kanga ya Bibi. "Bibi, mgeni siku mbili..."

"Siku ya tatu mpe jembe," akamalizia Bibi. Bibi hawezi kuacha methali imekaa nusu.

"Maana yake nini?"

"Maana yake mgeni akikaa, afanye kazi na wenzake. Akishafanya kazi, si mgeni tena. Ni mtu wa nyumbani."

"Lakini Nok hatakaa siku tatu."

"Hatakaa."

"Basi tumpe leo."

Bibi akatazama nje, kwenye giza linaloingia. "Tumpe jembe saa hizi? Tunalima nini?"

"Si jembe, Bibi," akasema Kidawa. "Tumpe mwiko."

Paka aliacha kujilamba.

Mwiko wa Bibi ulikuwa wa mti wa mnazi, mweusi kwa miaka mingi. Hakuna mtu mwingine aliyeushika. Mama wa Kidawa aliwahi kuuomba, Jumamosi moja. Wakaishia kuzungumza habari za mvua.

Bibi akautazama mwiko. Akamtazama Nok, aliyekuwa amesimama mlangoni na macho mekundu. Akautazama mwiko tena.

Kisha akaushika kwa mikono miwili, akampa Nok.

"Haya, mama," akasema Bibi. "Pika wewe. Utuonyeshe."

Nok akaupokea kwa mikono miwili. Mwiko ulikuwa mrefu karibu kama mkono wake wote.

"Na mimi?" akauliza Bibi.

"Wewe ukae, Bibi," akasema Kidawa.

"Nikae wapi?"

Lilikuwa swali gumu. Jikoni mle Bibi hajawahi kukaa. Kidawa akaleta kigoda. Bibi akakaa juu yake polepole, kama kigoda cha watu.

Nok akanawa mikono. Akaitoa ile nusu pakiti kabatini, kwacha, kwacha. Akaziweka tambi kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu.

"Hazichemshwi?" akauliza Bibi. Akasimama.

"Hapana," akasema Nok.

Bibi akakaa.

Kisha Nok akafumba macho. Akalamba midomo. Alikuwa anatafuta ladha ya Ijumaa. Mapishi hakuyajua, maana alikuwa mdogo na mama ndiye aliyepika. Lakini ulimi wake ulikumbuka.

Nok akakunja uso. Jicho likafinya. Mdomo ukajikunja.

"Chachu!" akasema Kidawa. "Ni kitu kichachu! Ndimu?"

Nok akatikisa kichwa. Ndimu baadaye.

"Ukwaju?"

Kidawa akaleta kopo la ukwaju. Nok akanusa, akaruka juu. Ndiyo! Ndiyo! Wakauloweka, wakaukamua, pyu, pyu, ukawa mzito na wa rangi ya kahawia.

Nok akafumba macho tena. Safari hii akatabasamu, akalamba kidole.

"Tamu!" akasema Kidawa. "Sukari?"

"Nina sukari guru!" akasema Bibi. Akasimama.

Akampa Kidawa. Akakaa.

Nok akafumba macho mara nyingine. Akabana pua kwa vidole. Halafu akatabasamu.

Hapo Kidawa akakwama.

"Kitu kinanuka," akasema. "Lakini ni kizuri. Kitu gani kinanuka, halafu ni kizuri?"

Walifikiri. Paka naye alionekana kama anafikiri.

"Uduvi!" akapiga kelele Bibi.

Uduvi ni kamba wadogo sana waliokaushwa. Bibi aliuweka chini kabisa ya kabati, ndani ya kopo, ndani ya kopo lingine. Alikuwa na sababu zake. Kidawa alipofungua, sababu zikatoka nje zote pamoja.

Nok akanusa. Akafikiri. Si ile ile kabisa. Lakini ni ndugu yake.

"Sawa," akasema Nok.

Wakausaga uduvi kidogo, wakauchanganya na ukwaju na sukari guru. Nok akaonja. Akaongeza ukwaju. Akaonja. Akaongeza sukari. Akaonja, akatulia.

"Bado kitu," akasema.

"Kitu gani?"

Nok akaonyesha kwa vidole. "Kichwa kidogo. Mkia mrefu."

"Panya?" akauliza Kidawa.

"Hapana!"

"Mjusi?"

"Hapana!"

"Kichwa kidogo, mkia mrefu, na tunakila?" Kidawa alianza kuogopa.

Bibi akakohoa. Akakohoa tena. Kisha akanyoosha mkono, akatoa chekecheke lililofunikwa kitambaa kibichi.

"Ni choroko," akasema. "Niliziloweka nizipike. Nikazichuja. Nikazifunika. Halafu wageni wakaja, sijui nani, nikazisahau. Nilitaka kuwapa kuku."

Akafunua. Choroko zilikuwa zimeota. Kila moja ilikuwa na kichwa kidogo cha kijani, na mkia mrefu mweupe.

Nok akapiga makofi.

"Sikuzisahau," akasema Bibi. "Nilikuwa nazitunza."

Akakaa.

Nok alikumbuka karanga pia, Kidawa akazitwanga kwenye kinu kidogo. Twi, twi, twi. Nyingine ziliruka. Kidawa akazikamata. Nyingine zilirukia mdomoni mwake, kwa bahati.

Sasa ikabaki moto. Moto ni kazi ya watu wazima. Kwa hiyo Bibi akasimama, na safari hii aliruhusiwa. Akawasha jiko la gesi, puu! Akashika mpini wa karai, akaushika imara.

Nok akapanda juu ya kigoda. Akainua mwiko.

Chwaa! Vitunguu saumu vikaingia.

Chwaa! Mayai yakaingia.

Chwaa! Tambi zikaingia. Zilikuwa zimelainika, zinateleza, zinajaribu kutoroka. Nok akazirudisha na mwiko.

Chwaaaaa! Ukwaju ukaingia, na uduvi, na sukari guru. Moshi ukapanda. Harufu ikajaa jikoni, ikatoka mlangoni, ikaenda mpaka barabarani.

Paka akaja kukaa mbele kabisa.

Polepole, Bibi akapeleka mkono wake wa pili kwenye karai. Kati ya vidole palikuwa na iliki. Kidogo tu. Ya kunukia.

Nok akauona ule mkono.

"Bibi," akasema.

"Narudisha," akasema Bibi. Akairudisha iliki kwenye kopo lake.

Wakapakua kwenye sinia. Wakanyunyiza karanga. Wakarusha choroko zenye mikia juu yake. Wakakamulia ndimu. Wakakaa mkekani wote watatu, sinia katikati.

Nok akaonja kwanza.

Kidawa akasubiri. Bibi akasubiri. Paka akasubiri.

Nok akatafuna. Kidevu chake kikaanza kutetemeka.

"Si kama ya mama," akasema.

Kidawa akatazama mlangoni. Walijaribu kila kitu. Sasa nje kulikuwa giza kabisa.

Bibi hakushtuka.

"Haiwezi kuwa kama ya mama," akasema. "Mkate wangu wa kumimina unaujua? Si kama wa mama yangu. Mama yangu naye alisema wake si kama wa mama yake. Tungesubiri ufanane, ukoo mzima tungekufa njaa. Ya mama utaila akija mama. Hii umepika wewe. Na mimi nina njaa."

Nok hakuelewa maneno yote. Alielewa kidogo, na hicho kidogo kilimtosha kuinua uso na kumtazama Bibi.

Bibi akachota kwa mkono, kama anavyochota wali.

Lakini tambi si wali. Tambi zilikuwa ndefu. Nusu ziliingia mdomoni. Nusu zilibaki nje, zikaning'inia kidevuni kama ndevu. Bibi alionekana kama shehe.

Bibi akafikiri la kufanya. Akavuta.

Fyuuuuu!

Tambi zikapanda. Ya mwisho ikapinda, ikampiga puani. Pa!

"Haya," akasema Bibi, akafuta pua. "Kumbe ni chakula chenye vita."

Nok akacheka.

Alicheka kidogo kwanza. Kisha akacheka sana. Akacheka mpaka akashika tumbo, akalala ubavu mkekani. Kidawa akacheka kwa sababu Nok anacheka. Bibi hakucheka. Alikuwa anatafuna.

Na wakati Nok anacheka, lile koo lililofunga likafunguka.

Akakaa. Akachota. Akavuta.

Fyuuu!

Kidawa akavuta. Fyuuu!

Ilikuwa chachu. Ilikuwa tamu. Ilikuwa na chumvi ya uduvi, na karanga zilizolia kwachu-kwachu, na choroko zilizolia kwe-kwe. Kidawa hakuwahi kula chakula chenye mambo mengi hivyo kwa wakati mmoja.

Nok akala. Akala tena. Akala upande wake wa sinia, akaanza kuingia upande wa Kidawa. Kidawa alimwachia na upande wake.

Bibi aliwatazama. Alifurahi sana, mpaka akasahau kula.

Nok akaona. Akachukua mwiko, akasukuma tambi mpaka mbele ya Bibi.

"Kula, Bibi," akasema. "Kula. Ongeza."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Bibi maneno hayo. Siku zote yalikuwa yake yeye.

Bibi akala. Akaongeza.

Baadaye walioga. Walivaa nguo za kulalia. Walipiga mswaki, shwa, shwa, shwa. Kidawa na Nok wakapanda kitanda kimoja, Bibi akashusha chandarua.

Hapo simu ya Bibi ikalia. Alikuwa Baba Nok, anapiga kutoka machimboni.

"Shikamoo, mama. Samahani kwa usumbufu. Nok amekula?"

"Amekula."

Baba Nok alimjua mtoto wake. "Amekula kweli?"

"Amekula kweli."

"Amekula nini?"

"Mimi sijui jina lake," akasema Bibi. "Nilikuwa nimekaa. Muulize mpishi."

Akainua chandarua, akampa Nok simu.

Nok akaanza kuongea. Aliongea Kithai. Aliongea haraka, kwa mikono yote miwili, simu ikimponyoka. Shuleni Nok huongea polepole, neno moja moja. Sasa maneno yalimwagika tu. Akacheka katikati. Akavuta hewa, fyuuu, akajipiga puani, pa!

Kidawa alisikiliza. Hakuelewa kitu.

Ila katikati ya maneno yote yale, kila baada ya muda, lilipita neno moja analolijua.

"Bibi."

Likapita tena.

"Bibi."

Na tena.

Bibi naye alilisikia. Alikuwa amesimama pale pale, karibu na kitanda. Akachukua mkeka uliokuwa umeshakunjwa vizuri, akaukunjua, akaukunja upya.

Akazima taa.

Nok akalala. Kidawa akalala. Bibi akalala wa mwisho, kama kawaida yake.

Na wewe sasa, fumba macho.